MASAZO YA MWAMBANI NI YA NANI?



Mlimani Mtae, ukingoni mwa Usambara, mkulima hutia samadi shambani akijua kuwa udongo una walaji wake. Vijidudu visivyoonekana kwa jicho huila samadi ile, na mmea hupata chakula. Wataalamu wa mafuta nao wana jambo lililo jamaa na hilo. Huviteremshia vijidudu vya mwambani molasi, naitreti na fosfeti. Navyo hutoa gesi, asidi na kitu mfano wa sabuni, vikayabandua mafuta yaliyonasa katika vitundu vya jiwe, na maji yakayasukuma hadi kisimani. Hii si ndoto. Ilijaribiwa kisimani huko Arkansas, Marekani, mwaka 1954.

Mbona twayasema haya Visiwani, ambako halijauzwa bado hata pipa moja? Kwa sababu kisima kinapotangazwa kuwa kimekwisha, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta yangali chini. Asiyejua ataambiwa ni makapi, naye atayatoa kwa bei ya makapi.

Sheria yetu ya Mafuta na Gesi ilipitishwa mwaka 2016. Oktoba 2018 Serikali ikatia saini mkataba wa kugawana mazao na RAK Gas ya Ras al Khaimah. Twauliza: siku mgeni akisema kisima kimekauka, nani atampima ukweli wake? Na akilisha vijidudu, nani atachunga visizae gesi ya sumu inayonuka kama mayai viza na kula mabomba?

Watatujibu kuwa hayo ni ya wataalamu, raia anyamaze. Jawabu liko Usambara. Tangu 1946 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa huko kulima kwa matuta, ikidai yaokoa udongo. Wenyewe hawakuulizwa. Walikataa, na kabla ya Uhuru mpango ule ukaachwa. Kuhifadhi udongo hakukuwa uzushi. Ubabe ndio ulioiua kazi ile.

Basi twadai matatu. Kila mkataba wa mafuta usomwe hadharani. Masazo ya kila kisima yaandikwe kuwa mali ya nchi. Na vijana wa Unguja na Pemba wasomeshwe elimu ya miamba na ya vijidudu, wapime wenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu, daftari tulishike sisi.