Kifurushi cha Chakula cha Fungate Rubondo: Tunalipia Nini Hasa?



Mabinti wa Unguja na Pemba siku hizi wanaolewa mbali. Wapo waliofuata waume Kahama, Geita na Katoro, kwenye maduka na kwenye biashara ya dhahabu, na fungate nayo imehamia huko. Badala ya Nungwi sasa linatajwa jina la Rubondo, kisiwa cha hifadhi kilichomo ndani ya Ziwa Victoria, Mkoa wa Geita. Jina hilo mara nyingi huja na karatasi ya wakala wa safari yenye bei mbili: malazi kwa bei yake, kisha malazi pamoja na milo yote, vinywaji na chakula cha usiku cha maharusi pembezoni mwa ziwa, kwa bei inayomfanya mtu aisome mara mbili.

Inalipa? Kwa wengi wetu tunasema hapana, na sababu yetu si ubahili.

Kwanza tujue kinachouzwa. Kule Florida, Marekani, Walt Disney World huuza chakula kinachokwenda pamoja na nafasi ya kukaa kwenye onyesho la usiku la Fantasmic! Anayelipa anajua kuwa kuku si wa pesa ile. Ananunua kiti, asisukumane na umati. Sawa, huo ni mzigo wake. Rubondo hakuna umati wa kukimbia. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, haina kijiji wala soko, na wakaazi wake maarufu ni nzohe pamoja na sokwe ambao wazazi wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Machweo unayapata bure, awe amekulipia mtu meza ya mishumaa au umekaa juu ya mkeka wako.

Haki yao tuwape: mahali ambapo kila kitunguu kinavuka kwa boti, chakula hakiwezi kuwa cha bei ya mjini. Lakini piga hesabu kabla ya kusema ndiyo. Toa bei ya malazi kwenye bei ya kifurushi, kinachobaki kigawe kwa sahani. Tuseme tofauti ni shilingi 600,000 kwa siku mbili, watu wawili, mchana na usiku. Hizo ni sahani nane, kila moja shilingi 75,000. Sahani ya wali na sato mjini Geita iko mbali sana na hapo, na mchele wenyewe wa Shinyanga na Kahama ni mtamu kuliko mwingi tunaokula visiwani. (Tunajua tutagombezwa kwa hilo.)

Halafu kuna hayo "vinywaji". Ndani ya bei ile zimo bia na mvinyo ambavyo hatunywi, kwa hiyo tunachangia glasi za meza ya jirani. Mwambie wakala akuandikie bei isiyo na pombe. Akikwambia haiwezekani, umeshapata jibu la swali lako. Na nyama, je? Samaki hawana shida, maana hawahitaji kuchinjwa. Kuku na mbuzi, uliza nani kachinja, tena uliza kwa upole. Ni katika mkoa huu huu, Buseresere, Februari 2013, ambapo ugomvi wa nani achinje ulifikia kumwaga damu na mchungaji mmoja akauawa. Swali la halali ni haki yako, lakini mpishi aliyekukaribisha hastahili kuulizwa kama mtuhumiwa.

Linalotukera zaidi ni pesa zinakotoka. Mahari ni mali ya biharusi, Suratun-Nisaa imelisema hilo wazi, na bado tunasikia mabinti wakishawishiwa waitoe "tuongezee kidogo kwenye fungate". Mume wa machimboni naye ana misimu yake. Duara likitema, mkono unakuwa mwepesi na kila mtu ni rafiki. Miezi ikipita bila kutema, duka la unga linaanza kuandika daftari. Mke aliyeweka mahari yake ana cherehani, au ana mtaji wa vitenge, au angalau ana nauli ya kumtazama mama yake. Aliyeila mahari kwa usiku mbili ana picha. Kama mume amejaaliwa, na anatoa kwa hiari yake bila deni, basi ni zawadi, ipokee na umuombee dua. Tunayemzungumzia ni yule anayekopa.

Isitoshe, mababu zetu walikuwa na kifurushi chao. Fungate asili yake ni siku saba: maharusi wanakaa ndani na chakula kinapikwa na kuletwa kutoka kwao biharusi. Masinia yalikuja yamefunikwa kawa, bokoboko, supu ya pweza, mkate wa kumimina, na somo yupo karibu. Hakuna aliyeonesha bei. Biharusi hakugusa jiko, na hapo tunakubali kuwa wanaotaka kifurushi wana hoja: fungate si wakati wa kumenya vitunguu.

Lakini kati ya kumenya vitunguu na sahani ya 75,000 kuna njia ya tatu. Hifadhi yenyewe ina mabanda ya bei nafuu ambako mgeni huja na chakula chake. Ulizeni mapema ofisini kwao kuhusu nafasi na jiko. Anayetoka Mwanza sasa anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha boti ni ya Nkome, au Kasenda upande wa Muganza, wilayani Chato. Nunueni samaki na barafu kabla ya kupanda boti, kwani hifadhini hakuna mvuvi wa kuuza. Chukueni mchele, nazi, ndimu, pilipili, na michembe ya Wasukuma kwa ajili ya chai. Mama mkwe akipika sambusa za kugandisha, ndio sinia lenyewe hilo.

Na samaki achome bwana harusi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisaidia kazi za nyumbani kwake, kwa hiyo hana pa kukimbilia.

Jambo la mwisho: buibui jeusi liacheni nyumbani. Kule kuna mbung'o, nao wanapenda rangi nyeusi na ya buluu. Abaya la rangi ya mchanga litakustiri vizuri tu.