Gari likizima njiani, usikimbilie kununua koili

Msimu wa nyanya ukianza, si simu zote ninazopigiwa zinahusu ukungu na kantangaze. Nyingine ni za namna hii: "Bwana shamba, tumekwama kabla ya Usagara, gari limezima tena na mzigo uko juani." Nyanya iliyoiva ikiwa kwenye tenga haimsubiri fundi. Aliyepanga kufika sokoni Mwanza alfajiri akafika saa nne anakubali bei yoyote atakayotajiwa.

Kwa hiyo leo naacha shamba kidogo nizungumzie gari, na nasema wazi: wengi wetu tunapoteza pesa nyingi kwenye kubahatisha vifaa kuliko kwenye ubovu wenyewe. Shambani nawasihi kila siku msipige dawa kabla ya kujua kama ni mdudu au ugonjwa, na mnanielewa. Lakini mkulima yule yule akifika gereji anaambiwa "tubadilishe koili tuone", naye anatoa pesa.

Mkulima mmoja wa upande wa Misungwi alihangaika karibu miezi miwili na pikapu ya petroli, ya kabureta na platini. Gari linazima ghafla, wanalisukuma pembeni, baada ya muda linawaka lenyewe vizuri. Likifika gereji linapona kabisa. Alibadilishiwa plagi, koili, pampu ya mafuta, hata betri. Kumbe tatizo lilikuwa waya mfupi ndani ya distributa, ule unaokwenda kwenye platini. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima. Bamba la platini likisogea waya unaachana, likirudi unagusana. Aliyeugundua ni kijana aliyelikuta gari likiwa limezima. Aliuvuta taratibu kwa vidole, ukanyumbuka kama mpira. Urefu wake haufiki kidole.

Ubovu wa kuja na kuondoka hupimwa ukiwapo. Gari likishawaka, ushahidi umeondoka. Ndiyo maana anayepaswa kuanza uchunguzi ni wewe uliye barabarani, kabla hata fundi hajafika.

Kumbuka kwanza lilivyozima. Likikata ghafla kama mtu amezima taa, mara nyingi ni umeme. Likikohoa, likavuta kwa kurukaruka na kupungua nguvu kwanza, mara nyingi ni mafuta. Taa za dashibodi nazo zikizimika, usiguse koili. Angalia vichwa vya betri, waya hasi unaofungwa kwenye bodi, fyuzi na swichi ya ufunguo. Barabara zetu za vumbi zenye matuta hulegeza hivyo vyote. (Na lile fungu la funguo za ghala, nyumba na duka linaloning'inia kwenye swichi ya gari, liondoe.)

Kisha weka jiwe kwenye tairi na upime. Fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia na gari likawaka baada ya dakika chache, huenda tundu la hewa la mfuniko limeziba. Toa kifuniko cha filta ya hewa, mwenzio akanyage pedali ya mafuta injini ikiwa imezimwa: petroli inapaswa kuruka ndani ya kabureta. Hakuna sigara hapo. Rudisha kifuniko, chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi mmoja, igusishe vizuri kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mwenzio apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche ya bluu yenye nguvu inaonyesha kwamba moto upo. Hakuna cheche, basi pampu ya mafuta haina kesi.

Wanaovuka kwa feri ya Kamanga wanaijua hii nyingine: uko foleni, injini inaunguruma, jua la saa saba, unaambiwa panda na gari linazima. Ukingoja nusu saa linawaka, lakini hujajifunza kitu, maana kila kifaa kimepoa pamoja. Poza kimoja kimoja. Zima ufunguo, weka kitambaa chenye unyevu kwenye koili pekee, kisha jaribu. Bado? Hamia kwenye pampu na mrija wa mafuta, ambako petroli huweza kugeuka mvuke kwa joto. Kilichopozwa mara ya mwisho kabla gari halijawaka ndicho cha kushukiwa kwanza.

Koili ina mtego wake. Zipo zinazohitaji rezista ya nje na zipo zisizohitaji, na kwa kawaida huandikwa kwenye mwili wake. Ukifunga ya kwanza bila rezista, inachemka na platini zinaungua. Sasa una ubovu wa pili uliounua mwenyewe. Na gari linalowaka ukipiga stata lakini linakata ukiachia ufunguo, mshuku rezista hiyo au swichi kabla ya kitu kingine.

Wenye Canter na malori mengine ya dizeli, habari za koili na plagi za cheche haziwahusu. Ninyi angalieni maji kwenye filta, hewa kwenye mirija, na waya wa solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu. Mafuta ya madumu yachujeni, ya petroli pia. Anayebeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba aangalie maji ya barafu yanakodondokea. Nimeona viungio vya waya chini ya bodi vimeota kutu ya kijani.

Mafundi wataninunia, lakini nitasema. Patana na fundi malipo ya kutafuta tatizo, mbali na malipo ya kufunga kifaa. Fundi asiyelipwa kwa kutafuta atakula kwa kubadilisha. Kifaa cha zamani kilichotolewa kikiwa kizima, rudi nacho nyumbani. Yule mkulima wa Misungwi alikuwa ameacha koili yake nzima gereji, na alipoifuata hakuikuta.