Redio ya Sufuria

Katika mwaka wa 1949 palitokea Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, redio ya mviringo mfano wa sufuria. Bwana Harry Franklin, mkuu wa Idara ya Habari mjini Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza iiunde, iuzwe kwa pauni 5, ili mtu wa kawaida aimudu. Betri ilinunuliwa peke yake, nayo ilikuwa kubwa na ghali. Basi mwenye mshahara mdogo alizihesabu saa za kusikiliza kama ahesabuvyo mafuta ya taa.

Transista ndiyo iliyopunguza mzigo huo. Regency TR-1, iliyouzwa Marekani tangu 1954, ilikuwa na transista 4 tu, ikaingia mfukoni, ingawa bei yake, dola 49.95, haikuwa ya maskini.

Baadhi ya wakusanyao redio kuukuu hutoa valvu na kutia transista ndani ya sufuria. Itasema, lakini haitakuwa redio ile tena. Afadhali kuunganisha kwa mfuatano betri 10 za volti 9, zipatikane volti 90 ambazo valvu za betri za miaka ile huzitaka kwa kawaida, na betri nyingine ya volti 1.5 kwa kupasha nyuzi zake. Nyaya za betri hizo zikibadilishana mahali, valvu zote huungua mara moja, na nyingine ni shida kupatikana.