Jina la Paka na Neno la Mtoto

Wako watu wazima washikao kwamba kutia jina ni kazi ya wakubwa peke yao, hata kama atiwaye jina ni paka. Paka huletwa nyumbani kulinda mahindi yasiliwe na panya; mtoto wa miaka minne huulizwa kwa mzaha, "Tumwiteje?" naye hujibu kwa moyo wake wote. Jibu likipendeza, hushangiliwa. Lisipopendeza, mtoto huchekwa, na paka huitwa Simba. Desturi hii ni ndogo kwa sura, walakini madhara yake si madogo.

Msomaji na afikiri nyumba moja ya Mpanda. Mtoto amemwona paka mgeni akilala usiku kucha kati ya mafiga yaliyopoa, na asubuhi manyoya yake meupe yamegeuka rangi. Akamwita Majivu. Baba akalikataa jina hilo kwa kuwa halina fahari. Lakini katika hao wawili, ni yupi aliyemtazama paka? Simba ni jina la kuokota njiani. Majivu limezaliwa na macho.

Hivyo ndivyo wazee walivyotia majina. Kwa Wasukuma, ambao ni wengi katika mkoa wa Katavi, mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kabla yake hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, yote yana jina la Katabi, mzimu wa Wabende, asimuliwaye kuwa hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Serikali ililipokea jina kwa wenye kuijua nyika. Mbona baba aone haya kulipokea kwa mwenye kumjua paka?

Yamkini mtu atasema: mtoto aweza kumpa paka jina la babu yake, akamtia mzee aibu. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake ni nyepesi. Mipaka itajwe kabla ya swali: majina ya watu hapana, matusi hapana. Baada ya hapo neno la mtoto lisimame. Mzazi asiyekuwa tayari kulikubali na asiulize. Kunyamaza si kosa. Kosa ni kuuliza, kisha kulitupa jibu, na kuliita tendo hilo mafunzo ya adabu. Utii haufundishwi kwa swali la uongo.

Paka hana hasara; huitika sauti ya ampaye chakula, jina liwe lolote. Hasara ni ya mtoto. Kesho mwalimu atamtaka aseme alionalo, naye, badala ya kukitazama kitu, atautazama kwanza uso wa mkubwa. Na vyuo vinavyolalamika kwamba vijana wao hawana neno lao wenyewe, havina budi kuuliza neno lao la kwanza lilitupwa wapi.