Mwangwi Chini ya Zaha: Wanaisimu Wako Wapi?

Aghalabu, mjadala wa istilahi ukizuka katika idara za Kiswahili, huzunguka palepale: tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Mjadala huo una utamu wake, lakini umedumu kupita kiasi, ilhali maarifa ya ardhi yamekosa wa kuyapigia mbiu. Hata TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, jiolojia haikupata nafasi katika utatu huo.

Chukua mfano wa rada inayotumiwa kuchunguza miamba ya volkano. Waingereza huiita rada ipenyayo ardhi, na Mswahili akilitafsiri jina hilo sisisi, atakuwa ameahidi zaidi ya uwezo wa chombo. Chombo chenyewe ni antena inayokokotwa juu ya ardhi huku ikituma mipigo ya mawimbi ya redio. Wimbi likifika mahali ambapo sifa za kiumeme za mwamba zinabadilika, sehemu yake hurudi juu. Muda wa kwenda na kurudi hupimwa kwa nanosekunde, na kina hukadiriwa kutokana nao. Huo, kwa Kiswahili fasaha, ni mwangwi. Mbona basi isiitwe rada ya mwangwi wa ardhini? Watasema wengine kwamba kila rada hutegemea mwangwi. Ni kweli, ila ‘ardhini’ huitenga hii na nyingine, na ‘mwangwi’ humweleza mwanafunzi kinachotendeka.

Vilima vya Chyulu vina pango la Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Mlima Suswa nao una mapango ya aina hiyo. Huzuka pale uso wa mto wa zaha unapoganda huku zaha ya ndani ikiendelea kutiririka, hatimaye ikaacha uwazi. Antena ikikatiza juu ya pango, paa hujichora kama upinde, kwa kuwa mwangwi huanza kurudi kabla antena haijafika juu yake hasa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mawimbi hayo husafiri hewani kwa kasi inayokaribia mara tatu ya ile ya ndani ya basalti kavu; hivyo sakafu ya pango huonekana imeinuka kuliko ilivyo. Asiyejua atasoma pango dogo penye pango kubwa.

Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi huyameza mawimbi haya. Hata katika zaha kavu, kwa kawaida huishia makumi ya mita tu, ilhali visima vya mvuke vya Olkaria hufikia kilomita 3 hivi. Huko hutumiwa mbinu nyingine, kama vile kupima ukinzani wa umeme wa miamba. Mfugaji wa Suswa akiona antena ikikokotwa malishoni mwake, ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa, kabla hajadhani ardhi yake imekwisha kupimiwa visima. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maelezo ya kumpa mfugaji huyo bado hayajaandikwa.

Rafu za maktaba zimesheheni tasnifu kuhusu taswira ya mwanamke katika riwaya. Nafasi moja kati ya hizo ingetosha kumpeleka mwanafunzi Suswa, pamoja na mwanajiolojia na mzee wa Kimaasai, aulize paa, sakafu na mdomo wa pango huitwaje hapo kabla ya kukimbilia kutohoa.