MKULIMA NA MAJI: Chumvi Isiyoonekana

Maji ya mvua, yashukapo kutoka mawinguni, huwa karibu hayana chumvi kabisa. Lakini mara yagusapo ardhi huanza kuyeyusha chumvi zilizomo katika mawe na udongo, yakazichukua kila yaendako. Kwa hiyo maji ya mto huwa na chumvi kidogo, na ya visima virefu mara nyingi huwa nayo zaidi, ingawa yote ni maangavu machoni.

Jambo hili ladhihirika katika Bonde la Ufa. Ziwa la Naivasha hupokea maji ya mto Malewa, na Ziwa la Nakuru hupokea ya mto Njoro, wala hakuna mto utokao katika lo lote kati ya hayo mawili. Hata hivyo maji ya Naivasha hunywesha mashamba, na ya Nakuru ni ya magadi, hayafai kwa mimea. Sababu ni kwamba Naivasha huvuja chini kwa chini, na chumvi hutoka pamoja na maji. Katika Nakuru maji huondolewa na jua. Mvuke hupanda, chumvi hubaki.

Basi kila shamba linyweshwalo ni ziwa dogo. Maji yenye nusu gramu ya chumvi katika kila lita hayaudhi ulimi. Lakini mkulima akiinywesha eka moja kwa kina cha inchi moja, amemwaga lita 100,000 hivi, na ndani yake mna kilo 50 za chumvi, uzito wa mfuko wa mbolea. Haba na haba hujaza kibaba. Baadaye ukoko mweupe huonekana juu ya udongo, majani huungua kingoni, na mimea hudumaa hali ardhi ina unyevu. Mwenye shamba akidhani ni kiu, huongeza maji yale yale, na pasipo njia ya kutokea huongeza maradhi.

Dawa ni kuiga Naivasha. Achimbaye mfereji wa kuingiza maji na achimbe pia wa kuyatoa, ili mvua kubwa ziuoshe udongo. Maji ya kisima kipya yafaa yapimwe kwanza. Maabara ya kilimo iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo. Maji yakiwa na chumvi kiasi, shayiri na pamba huvumilia kuliko maharagwe na vitunguu. Gharama ya mfereji ni ya siku chache. Udongo ulioharibiwa na chumvi huwasumbua hata warithi.