Zabibu Hazitaki Huruma

Iko hotuba moja ambayo sisi tukaao Dodoma tumeisikia mara nyingi mno, hata msemaji akikohoa katikati twaweza kummalizia. Yasema kwamba tuwe wazalendo, tupende vya kwetu, tumuunge mkono mkulima wa zabibu. Watu hupiga makofi. Kisha wageni hukaribishwa mezani, na mezani huwa kuna chupa za mvinyo wa Afrika Kusini, chipsi na soseji, na kuku aliyekulia ndani ya banda wiki sita tu. Hakuna anayeshangaa. Uzalendo umekwisha kuhutubiwa. Sasa ni wakati wa kula.

Nataka kuipinga hotuba hiyo, na wala si kwa sababu vya kwetu havifai. Naipinga kwa sababu inatutaka tuvihurumie. Mtu akiambiwa anywe kitu kwa kuwa maskini fulani amekilima, amekwisha kuambiwa kimyakimya kwamba kitu chenyewe si kizuri. Atakinywa siku ya sherehe, mbele ya kamera, na siku zilizobaki atakunywa anachokipenda. Huruma haijengi soko. Linalojenga soko ni ulimi unaojua utakacho na kukidai. Mimi nasema kwamba raha ya kiangazi ya Dodoma, yaani kutembea vilimani asubuhi, kula chakula cha hapa na kunywa bilauri moja ya mvinyo wa hapa jioni, ni raha kamili isiyohitaji kuombewa radhi. Anayeidharau anajinyima mwenyewe kwanza, ndipo amnyime mkulima.

Tuanze na nchi yenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi hadi Novemba. Mgeni huona ukame tu. Lakini wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipopanda mizabibu katika miaka ya 1950 waliona jambo jingine: kwamba mzabibu ni mti unaopenda jua na hewa kavu, mradi upate maji kidogo mizizini. Isitoshe, huku kwetu hakuna baridi kali ya kuulaza usingizi, kwa hiyo mkulima akipogolea kwa mpango huvuna mara mbili kwa mwaka: kati ya Februari na Machi, na tena kati ya Agosti na Septemba. Mavuno ya masika hupata taabu ya maradhi ya ukungu yanayopenda unyevu, na mvua ikinyesha karibu na kuvuna, zabibu hunywa maji na utamu hupungua. Mavuno ya kiangazi huiva chini ya jua bila mvua ya kuyaharibu. Kwa hiyo kiangazi kinacholaumiwa kila siku ndicho kinachotupa zabibu nzuri zaidi.

Na si zabibu peke yake. Kiangazi ndicho msimu wa ghala lenye kitu. Uwele na mtama vimekwisha kuvunwa, vivyo hivyo karanga, njugu mawe na choroko. Mlenda uliochumwa wakati wa mvua umeanikwa, umekauka na kutwangwa, nao huungwa kwa karanga ukawa mboga ambayo ugali wa uwele hauna budi kuifuata. Mibuyu imeangusha majani na kuachia matunda. Maziwa yamegandishwa ndani ya kibuyu. Mbuzi wa mnada wa Msalato hakufugwa kwa chakula cha gunia. Ametembea maporini akila majani ya miiba, na nyama yake yasema hivyo mara tu inapogusa moto. Weka vitu hivi katika sinia moja, kisha uniambie ni hoteli gani yenye nyota nyingi inayoweza kukupa sinia la namna hiyo.

Watanijibu kwamba uwele na mtama ni chakula cha njaa. Hii ni kasumba, na kasumba hii ina hasara inayohesabika. Mahindi yanataka mvua nyingi na inayokuja kwa mpango, mvua ambayo Dodoma haina. Uwele na mtama huvumilia. Tena uwele una madini ya chuma kuliko mahindi. Ila kwa kuwa sembe nyeupe ndiyo ilivaa suti, mwenye shamba kavu hupanda mahindi ili asionekane maskini, na mvua ikikatika Februari huwa maskini kweli. Aibu ya mezani huishia kuwa njaa ya shambani.

Sasa nije kwa miguu. Siku hizi kila mji una vilabu vya kukimbia mbio za pole, na jambo lenyewe ni jema sana. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Sina ugomvi na anayekimbia. Ugomvi wangu ni na zile safari za mazoezi za wakubwa na maofisi, ambazo fulana hushonwa kwanza, kisha basi hukodiwa, watu wakapelekwa mwendo ambao wangeweza kuutembea, wakakimbia nusu saa kuzunguka uwanja, wakapigwa picha, halafu wakaketi tangu saa nne hadi jua kuchwa wakila chipsi na kunywa vilivyotoka ng'ambo. Jioni basi huwarudisha. Wamekuja Dodoma lakini hawakuikanyaga. Wangeweza kuwa popote.

Na mji wenyewe umezungukwa na vilima vya mawe! Mlimwa uko hapo, Imagi uko hapo. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, katika ubaridi wa Julai au Agosti, upepo ukiwa bado haujaanza kuvumisha vumbi, unapanda taratibu kati ya mawe makubwa hadi uone mji wote na mbuga yote mpaka upeo wa macho.  Ukitaka mwendo mrefu, shika barabara ya Iringa uelekee Bihawana na Mpunguzi, utembee kando ya mashamba ya mizabibu na kuona jinsi vichala vinavyoning'inia, jinsi watu wanavyopogolea, jinsi maji yanavyofikishwa kwenye kila shina. Utarudi na njaa ya haki. Mtu aliyetembea namna hiyo hahitaji kuhubiriwa kuhusu mlenda. Atautaka mwenyewe, kwa kuwa mwili uliofanya kazi katika nchi fulani hutambua chakula cha nchi hiyo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mguu, sinia na bilauri ni mambo yanayokwenda pamoja. Ukiyatenga, mazoezi yanakuwa maonyesho ya fulana, chakula kinakuwa shibe tu, na mvinyo unakuwa kilevi tu.

Najua atakayesema kwamba mvinyo wa Dodoma ni mbaya. Neno hili nimelikuta hata pasipotarajiwa. Katika hoteli moja ya mji huu huu niliuliza mvinyo wa hapa, nikaambiwa haupo kwa sababu wageni hawauulizi. Nikajiuliza, wageni wataulizaje kitu ambacho hakimo katika orodha? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji amemficha mgonjwa wake, kisha analalamika kwamba haponi.

Tuseme ukweli lakini. Upo mvinyo wa Dodoma ulio mbaya: mtamu kama sharubati, au mchachu kwa kuwa ulihifadhiwa juani. Upo pia ulio safi, mwekundu na mweupe, unaostahili nyama ya mbuzi. Tofauti haitokani na bahati. Mvinyo mzuri huanza shambani, kwa zabibu zilizovunwa zikiwa na sukari ya kutosha. Mkulima akilipwa kwa uzito peke yake, atamwagilia maji hadi karibu na siku ya kuvuna, na huwezi kumlaumu, maana maji yana uzito. Akilipwa kwa ubora, atasubiri. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Makutupora wapo, aina za mizabibu zinazofaa zinajulikana, na viwanda vya hapa vimekwisha kuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Kinachokosekana ni mnywaji mkali. Yule mzalendo anayekunywa chochote na kusifu kwa kuwa ni cha nyumbani, huyo ndiye adui wa mvinyo wetu, sawa na yule asiyeuonja kabisa. Wote wawili hawamwambii mtengenezaji lolote la maana.

Yupo pia atakayenikumbusha afya, naye ana haki. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Simwambii mtu yeyote kwamba mvinyo ni dawa, wala kwamba mlima uliopandwa asubuhi unafuta chupa iliyonywewa usiku. Asiyekunywa asianze kwa ajili yangu. Zabibu za kula zinauzwa mabeseni kwa mabeseni, na juisi ya ubuyu iko tele. Bali anayekunywa tayari, na wako wengi, namwambia anywe kidogo, baada ya kutembea na kunywa maji ya kutosha, pamoja na chakula, na akijua kinatoka shamba gani. Mtu anayeonja hana haraka, na asiye na haraka ni nadra kulewa.

Mwisho, tumtazame mkulima, bila kumhurumia. Zabibu si mahindi. Haiwekwi ghalani kungoja bei. Ikishaiva ina siku chache tu. Ikiwa matangi ya kiwanda yamejaa mchuzi wa zabibu wa msimu uliopita, kiwanda hakinunui, na mkulima huuza kwa bei ya kutupa au huziangalia zikioza. Kwa nini matangi yamejaa? Kwa sababu chupa hazitoki. Kwa nini hazitoki? Kwa sababu meza zetu hazina nafasi. Serikali imejaribu kusaidia: sheria ya ushuru imeutofautisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini, ukatozwa kidogo kuliko ule wa kigeni. Lakini ushuru hauwezi kumfundisha mtu kupenda. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, tumepata maelfu ya walaji wapya wenye mishahara, mikutano na karamu. Kama hata hao watakaa miaka kumi na zaidi kando ya mashamba ya mizabibu huku wakiagiza kiangazi chao kutoka ng'ambo, mkulima atang'oa mizabibu yake, na atakuwa amefanya hesabu sahihi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiangazi kijacho usimsaidie mtu. Vaa viatu, panda kilima, shuka ukiwa na njaa. Uliza ugali wa uwele na mlenda wa karanga, na wakikuambia haupo, nenda kwa mama ntilie aliye nao. Uliza mvinyo wa Hombolo au wa kwingine kokote mkoani, uonje kwa makini. Ukiwa mzuri, lipa na urudi kesho. Ukiwa mbaya, urudishe na useme wazi kwa nini. Mkulima wa Mpunguzi hana haja ya makofi yako. Anataka uwe mteja, tena mteja mgumu.